Gita la Alasiri

Kaka yangu Gabrieli Kasian tulimzika Kilosa mwezi Machi mwaka jana, pembeni ya kaburi la baba, karibu na njia ya reli. Kutoka Mikumi walikuja watu wa malori mawili, malori ya mkaa yaliyofagiliwa asubuhi ile na kutandikwa mikeka. Wenyeji wa Kilosa, waliomjua tu kama mtoto wa mzee Kasian wa genge la reli, walinong'onezana wakiuliza fundi redio wa kando ya barabara amefanya nini hata asindikizwe namna hiyo. Nilijaribu kuwaeleza, lakini mwenye msiba hasimulii vizuri. Analia pale panapochekesha. Sasa nimetulia kidogo, kwa neema ya Mungu, nami ninaandika habari yake tangu mwanzo.

Baba yetu alitoka Kigoma akiwa kijana, akaja kukata mkonge, na baadaye akaajiriwa reli. Tulizaliwa kwenye kota za reli Kilosa, kaka akiwa wa kwanza na mimi, Marselina, wa mwisho. Kati yetu walikuwepo watatu, na wote walitangulia mapema. Kaka alipomaliza darasa la saba aliingia kwenye genge la baba, lililotunza njia ya kwenda Mikumi na Kidatu: kubadilisha mataruma, kumwaga kokoto, kufyeka majani. Gita alilijulia kwenye bendi ya shamba la mkonge. Bendi ilipokufa alichukua gita moja lililopasuka tumbo, akaliziba kwa gundi ya seremala, akalileta kanisani. Kwa miaka kumi na minne akawa mwalimu wa kwaya. Mimi kusoma nota nilifundishwa na yeye, na kama si jasho lake nisingefika kidato cha nne.

Mwaka 1992 ulikuwa mwaka wa ruksa. Maduka yalijaa redio kaseti za Dubai, na ubao wa matangazo wa stesheni ulijaa majina ya waliopunguzwa kazi. Jina la kaka lilikuwa kwenye karatasi ya pili. Hakulia wala hakutukana. Alisema, "Hizo redio zitaharibika tu. Atakayezitengeneza ni nani?" Akahamia Mikumi, ambako mimi nilikuwa nimeolewa, akajenga kibanda cha mbao karibu na pale mabasi ya Mbeya yanaposimama abiria wale chakula. Haikupita miezi mingi parokia ikamkabidhi kwaya, na ninaamini hiyo ndiyo iliyomshikilia. Reli ilimtoa kwenye orodha, kwaya ikamwandika upya.

Bwana Harshad alifika kibandani Jumatano moja ya mwaka 1994. Alikuwa fundi mkuu wa mashine katika shamba la mkonge upande wa Kilosa, mojawapo ya yale yaliyouzwa kwa watu binafsi. Alizaliwa Kimamba, dukani kwa baba yake, akapelekwa India akiwa na miaka kumi na mitatu, akarudi na mvi. Kiswahili chake kilikuwa kile alichoondoka nacho, cha mtoto wa Kimamba anayecheza gololi. Kila Jumatano alikuja Mikumi na lori la shamba kungoja vipuri vinavyoletwa na basi. Siku hiyo alileta redio yenye kaseti iliyotafunwa ndani.

"Kaseti hiyo ni ya mwalimu wangu," alimwambia kaka. "Amekufa. Nyingine hakuna duniani."

Kaka aliutoa utepe kwa vidole, akaunyoosha, akakata kipande kidogo kama ukucha kilichokuwa kimeharibika kabisa, akaunganisha. Akaweka na belti mpya. Nilikuwa nimemletea chakula cha mchana, kwa hiyo niliona kwa macho yangu alipoijaribu. Ilitoka sauti moja inayovuma bila kukoma, na juu yake uzi unaopigwa mara moja, kisha kimya, kisha uzi tena, unaovutwa taratibu kama mtu anayepiga miayo. Kaka alisikiliza dakika tano akingoja wimbo uanze. Haukuanza. Kwa fundi redio hapo hakuna fumbo: mota imechoka, inazunguka polepole. Akachukua bisibisi ndogo, akakaza skrubu ya mwendo mpaka sauti ikachangamka.

"Unaona?" akaniambia. "Sasa hata kuchezeka unachezeka."

Jumatano iliyofuata Harshad alirudi na redio kwapani, akaanza kusema kabla hajavuka mtaro.

"Fundi! Umemfanya nini mwalimu wangu?"

"Nimemponya, bosi."

"Umemponya? Anapiga kama mtu anayefukuzwa na tembo!"

Wauza ndizi waliangua kicheko. Kaka akajitetea, akamweleza habari za mota iliyochoka. Harshad akaitua redio mezani, nasi tukadhani sasa atatukana. Badala yake akavuta kigoda, akakaa.

"Rudisha skrubu ulivyoikuta. Halafu kaa hapa tusikilize wote. Na hiyo bisibisi uweke mbali."

Walisikiliza upande mzima wa kaseti. Dereva wa lori alipiga honi mara tatu akaacha. Ilipokwisha, kaka akauliza, "Sasa wimbo wenyewe unaanza lini?"

"Umeshakwisha."

"Na ulikuwa unakwenda wapi?"

"Hauendi popote, fundi. Unakukalisha."

Neno hilo lilimkaa. Aliniambia baadaye kwamba tangu jina lake lifutwe reli, kichwa chake kilikuwa kama stesheni isiyo na mkuu, treni zinaingia kutoka kila upande na hakuna wa kuonyesha bendera. Katika ile nusu saa zote zilisimama. Alikuwa amesali rozari nyingi akiomba utulivu huo, na hakutegemea kuupata ndani ya redio ya mteja.

Basi Jumatano ikawa siku ya somo. Harshad hakuwa mpigaji wa kusifika, lakini alikuwa amekaa miaka tisa miguuni pa yule mwalimu, akijifunza kuimba kwa mdomo kile ambacho mwalimu alikipiga kwa nyuzi. Alimtajia kaka sauti za kwao, sa, re, ga, ma, pa, dha, ni, na kaka akacheka. "Hizi ni do, re, mi. Zimevaa nguo za Kihindi tu." Akatoa kalamu na daftari la kwaya, akaanza kuandika.

"Unaandika nini?"

"Nota, bosi. Ili Jumatano ijayo nipige vilevile."

"Ukipiga vilevile umeua."

Hapo ndipo kaka alipopata shida kuliko siku zote za maisha yake, maana mwalimu wa kwaya bila karatasi ni kama fundi bila bisibisi. Harshad akamfafanulia kwamba ule haukuwa wimbo. Kwao wanauita raga. Raga ni kama kijiji unachokijua. Nyumba ni zilezile, njia ni zilezile, lakini leo unabisha hodi kwa nani, na unakaa kwake muda gani, hilo ni lako. Na kila raga ina saa yake. Ile ya kwenye kaseti ilikuwa ya alasiri. Ukipanda unapita kwenye sauti tano, ukishuka unapita kwenye zote saba.

"Na nikiipiga asubuhi?"

"Utakuwa kama mtu anayemwambia mwenzake 'lala salama' wakati anakwenda kazini."

Gita lenyewe halikukubali mara moja. Vidole vya kaka, vilivyokomazwa na kokoto, havikuweza kuuvuta uzi upande kama kwenye kaseti. Akalilaza gita magotini, akainua nyuzi kwa kipande cha chuma, akawa anatelezesha juu yake bomba fupi la shaba alilolitoa kwenye friji mbovu. Sauti ikaanza kupanda na kushuka bila ngazi. Nyuzi tatu nene alizifunga ziwe za kuvuma tu, zikikaa kwenye do na so muda wote. Lakini zilivuma butu, kama mtu mwenye mafua. Harshad alimweleza kuwa kwenye kinanda chao cha nyuzi cha kuvumia, tanpura, hupitishwa uzi mwembamba wa pamba chini ya kila uzi mnene, pale unapolala, na huo ndio unaoamsha sauti. Kaka akajaribu pamba, ikaloa jasho. Akajaribu mshipi wa kuvulia samaki, akajaribu hata utepe wa kaseti. Mwisho Harshad akatoa mfukoni unyuzi mmoja wa katani, uliokuwa umemnasa kwenye shati tangu kiwandani. Kaka aliuchambua kwa kucha mpaka ukawa kama unywele, akaupitisha. Gita zima likavuma kama mzinga wa nyuki.

Harshad alisimama. "Fundi," alisema, "katani hii naipiga mashine mwaka mzima. Sikujua inaimba."

Kuanzia hapo kaka alipiga kila alasiri, wateja wakingoja. Nami nilikuwa wa kwanza kumpinga, lazima nikiri. Siku aliyolileta gita hilo kwenye mazoezi, akapiga dakika chache, nilisimama mbele ya wanakwaya wote.

"Kaka, hiyo ni sauti ya hekalu la Wahindi. Utatuletea miungu ya watu kanisani?"

Domina, aliyekuwa akiongoza sauti ya kwanza, akaongeza, "Mwalimu, ukipiga hiyo harusini, bibi harusi atasinzia kabla ya keki."

Wakacheka. Kaka naye alicheka, kisha akasema, "Si ya harusi. Ni ya Saa Takatifu."

Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi, saa kumi alasiri, tulikuwa na ibada ya kuabudu Sakramenti Takatifu. Ndani yake kulikuwa na nusu saa ya kimya, na kwa kweli kimya hicho kilitushinda. Watu walikohoa, walihesabu mabati, walichungulia saa, na wengine walitoka eti kwenda kumwangalia mtoto, wasirudi. Kaka alitaka gita liishike nusu saa hiyo. Alisema watu wetu hawashindwi kusali, wanashindwa kukaa.

Shauri likafika halmashauri ya parokia. Mwenyekiti alikuwa mzee Danieli, askari mstaafu wa hifadhi, mtu mrefu aliyekuja kanisani na buti zile alizokuwa akifukuzia majangili. Kaka aliitwa, na mimi nikaitwa kama katibu wa kwaya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Gabrieli, hilo gita lako linasali au linasinzia?"

"Linangoja, mzee."

"Linangoja nini?"

"Linamngoja Mungu aseme. Sisi tunasema peke yetu mno."

"Usinifundishe sala. Mimi nimebatizwa kabla baba yako hajashuka kwenye treni."

Padri Laurent, paroko wetu, akaingia kati. Akauliza jambo moja tu: kwa nini kaka anasisitiza ipigwe alasiri na si kwenye Misa ya asubuhi?

"Kila sauti ina saa yake, Padri. Ni kama sisi. Sala ya Malaika wa Bwana tunaisali asubuhi, mchana na jioni, na masifu ya asubuhi hayasaliwi jioni. Walioitunga sauti hii hawakumjua Bwana wetu, lakini saa walizijua, na aliyeziumba saa ni yuleyule."

Padri akainamisha kichwa, nikaona anatabasamu. Mzee Danieli hakutabasamu. "Ajaribu mara moja," akasema. "Nusu saa. Kengele ya kumalizia nitaishika mimi. Watu wakianza kutoka, au wakicheka, au sala ikivurugika, basi gita hilo litabaki kibandani na kwaya tutampa mwalimu mwingine. Hatuwezi kuwa na mwalimu anayetupeleka tusikokujua."

"Gabrieli, unakubali?" akauliza Padri.

Nilimwombea moyoni akatae. Akasema, "Nakubali."

Njiani nilimfokea. "Umeiweka kwaya rehani kwa sauti ya Mhindi!"

"Marse, kwaya ndiyo kitu changu kilichobaki. Nisingeiweka kwa jambo dogo."

"Basi mimi nitakaa karibu na mlango. Roho yangu ikikataa nitatoka, hata kama ni wewe."

"Ukitoka," akasema, "funga mlango polepole."

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya Julai 1995. Kanisa lilijaa kuliko Ijumaa zote, na tusidanganyane, wengi walikuja kuona gita likifukuzwa. Harshad alifika na shati lililopigwa pasi, akavua viatu mlangoni.

"Mwambieni avae viatu," alisema mzee Danieli. "Hapa si msikitini."

"Ni nyumba ya Mungu, mzee," alijibu Harshad mwenyewe. "Shikamoo."

Mzee akaitikia marahaba, akazitazama buti zake, akaenda kukaa.

Padri aliweka Sakramenti Takatifu altareni, akafukiza ubani, akatuambia kwamba kwa nusu saa hatutaimba wala kusoma. Tusikilize, na tukae na Bwana. Kisha akapiga magoti akitupa mgongo. Kaka alikuwa ameketi kwenye mkeka upande wa kushoto, gita magotini. Mzee Danieli aliiangalia saa yake ya mkononi, kengele akaiweka kwenye paja.

Nyuzi nene zikaanza kuvuma. Kwenye mabenchi ya kwaya nikasikia pumzi za mtu anayezuia kicheko, nikajua ni Domina. Kaka aligusa sauti ya kwanza, akaiacha. Akaigusa tena. Mtu mmoja akakohoa, wa pili akamwitikia, kama kawaida yetu. Nje lori la mkaa lilikuwa limesimama na injini inaunguruma, likifunika kila kitu. Nilimwona kaka akipiga kwa uzito zaidi, akaona haisaidii, akaacha kushindana nalo.

Ndipo Thadeo, mpasua mbao, akanyanyuka kwenye benchi la nyuma, akanipita, akatoka. Mzee Danieli alimwona. Akainua kidole kimoja juu ya goti, mtu wa kwanza. Mara injini ya lori ikazimika. Mlango ukafunguka kidogo, Thadeo akarudi kwa kunyata, akapiga magoti pale alipotoka. Alikuwa amekwenda kumwambia dereva azime.

Kidole cha mzee kikashuka.

Sijui nieleze vipi kilichofuata, maana kilikuwa kidogo sana kwa macho. Kaka alipanda zile sauti tano, moja moja, akikaa kwenye kila moja kama anayepumzika barazani kwa jirani, kisha akashuka kwa zote saba. Kila aliposhuka, kanisa lilishuka naye. Kukohoa kulikwisha. Mimi nilikuja na maneno mengi ya kumlalamikia Mungu, yakaniishia. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimemzika mwanangu wa miezi minane, na tangu hapo sikuweza kumkumbuka bila kulia. Alasiri ile nilikaa naye, sikulia. Nilisahau kabisa kwamba nimekaa karibu na mlango.

Baadaye niligutuka, nikaona jua limehama kutoka dirisha la kwanza hadi la tatu. Kaka alikuwa akimtazama mzee Danieli kwa pembe ya jicho. Kengele hailii. Aliniambia jioni ile alichokuwa akifikiri: mzee ameamua kumkomoa, anataka sauti zimwishie mbele za watu. "Nikasema, kwa hilo ataumia yeye. Kijiji hiki hakiishi nyumba." Akaendelea. Shati lilimganda mgongoni, na kidole gumba kilikuwa kimechanika, akipiga kwa upande wa kidole. Mwishowe alirudi kwenye sauti ya kwanza kabisa, akakaa hapo muda mrefu, akaziacha zile nyuzi nene zivume zenyewe mpaka zikanyamaza.

Hakuna aliyetikisika. Kaka hakuwa amewahi kumaliza kupiga kitu maishani mwake bila vigelegele, hata kanisani, hata msibani lazima mtu aseme amina. Alilitazama lile kanisa lililonyamaza, akaona ameshindwa. Nilimwona akichukua kitenge na kulifunika gita taratibu, pindo baada ya pindo, kama anayefunga mzigo wa safari.

Padri Laurent ndiye aliyesema kwanza, bila kugeuka. "Mzee Danieli. Kengele."

Mzee aliitazama kengele kwenye paja lake kana kwamba imewekwa na mtu mwingine. Akaiangalia saa. Zilikuwa zimepita dakika hamsini na tano.

"Padri," alisema, "nilisahau kwamba ninayo mimi."

Kicheko kilipita kanisani, lakini si cha kudhihaki. Kilikuwa cha watu wanaoamka pamoja. Mzee akapiga kengele, akaipiga kwa nguvu mno, na Padri akatupa baraka.

Nje watu walimzunguka kaka, lakini mzee Danieli aliwapenya wote.

"Gabrieli."

"Naam, mzee."

"Miaka thelathini nimelala porini nikisikiliza. Simba, bunduki, hatua za watu. Nilidhani najua kusikiliza. Kumbe nilichojua ni kuogopa." Akavuta kamasi, akafuta kwa kiganja. "Ila nusu saa haitoshi. Halmashauri itaandika saa nzima."

"Na kwaya, mzee?"

"Kwaya gani? Nani kakwambia kuna mwalimu mwingine? Domina, yuko?"

"Hayuko, mzee!" Domina alijibu, na hapo ndipo vigelegele vilipolipuka, vile vyote vilivyozuiwa tangu saa kumi. Abiria wa basi waliokuwa wakila walisimama wakiuliza nani kaoa.

Harshad alikuwa akitafuta kiatu chake cha pili. "Fundi, ulikosea mara ya tatu kwenye kushuka."

"Uliona?"

"Mwalimu wangu angekupiga kofi."

"Na wewe, bosi?"

"Mimi nilikuwa nalia. Sikuwa na mkono wa kupigia."

Mimi nilingoja watu wapungue. Nikamwambia, "Kaka, nisamehe," na kabla sijaeleza la zaidi akanikabidhi gita nimbebee, maana kidole kilikuwa kinavuja damu, akaniuliza nyumbani nimepika nini. Alikula sahani mbili za ugali na kisamvu. Nilimpa maneno makali mbele za watu, na Mungu akanipa karibu miaka minne ya kuyafuta. Sitaacha kushukuru.

Tangu siku ile hadi kifua kilipomlaza, Februari mwaka jana, hakukosa Ijumaa ya kwanza hata moja. Wagonjwa wa hospitali waliomba kaseti, akawarekodia kwenye redio zilezile alizokuwa akizitengeneza, na juu ya kila moja aliandika kwa mkono: *Isikilizwe alasiri. Usikaze mota.* Kilosa walimwalika mara mbili, akaenda kwa treni, akapiga katika parokia tuliyobatiziwa, na wazee wa genge waliopunguzwa kazi pamoja naye walikuja wakiwa wamevaa vizuri, wakakaa mstari wa mbele. Hata Wasukuma wa maboma ya huko Kilangali, waliohamia na ng'ombe wao, walikuja Mikumi kwa baiskeli. Mmoja alimwambia kaka kwamba sauti zile tano za kupandia ni zao, kaziiba wapi.

Lakini ninapomkumbuka naona zaidi ile Ijumaa ya kwanza ya Agosti, mwezi mmoja baada ya jaribio. Mabenchi ya kuongezea yalikuwa yameazimwa kutoka shuleni asubuhi. Kwenye mlango wa kanisa kulikuwa na tangazo la chaki, kwa mwandiko mkubwa wa mzee Danieli: *SAA TAKATIFU NA GITA. MADEREVA WAZIME INJINI. VIATU NI HIARI. VIGELEGELE BAADA YA BARAKA.* Mimi nilifika saa tisa kasorobo, dada wa mpigaji mwenyewe, na sikupata pa kukaa.